Mtemi Aliyeingia Geita Kinyumenyume

Kabla Mtemi wetu hajaniita niendeshe gari lake, nilikuwa dereva wa lori la pamba. Lori nililijua hata kwa harufu. Unakanyaga klachi, unaingiza gia, unaachia, linaondoka. Gari la Mtemi halikuwa na klachi. Alilinunua kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa akitafuta almasi upande wa Kishapu, na huyo bwana hakupoteza muda kunifundisha: hapa mafuta, hapa breki, na hapa chini ya usukani kuna mkono wenye herufi za kwenda mbele na kurudi nyuma. Gia zitabadilika zenyewe, alisema. Kisha akarudi kwao.

Mguu wangu wa kushoto ulikosa kazi. Mwanzoni ulikuwa ukitafuta klachi wenyewe, ukiikosa unakanyaga breki, na Mtemi anajigonga kwenye kiti cha mbele. Hakukasirika. Aliniagiza niukunje mguu huo niukalie, nami nikaendesha hivyo, nusu dereva nusu mtu aliyeketi jamvini, mpaka ukazoea kutulia.

Msimu mzima wa pamba gari lilikwenda vizuri. Halafu siku moja tulikuwa tunatoka mnadani Kishapu, jua kali la mchana, nikakanyaga mafuta na injini ikanguruma kama inapanda mlima, lakini mwendo haukuongezeka. Gari likawa linatambaa. Ng'ombe waliotoka mnadani wakatupita. Wenye ng'ombe wakasimama kando ya barabara kumpigia Mtemi makofi ya heshima, kama desturi, na kwa kuwa mtu haachi kupiga makofi mpaka Mtemi apite, walipiga mpaka viganja vikawauma. Mzee mmoja aliomba radhi akaketi, akaendelea kupiga akiwa chini.

Tulipofika nyumbani niliacha injini ipoe, nikafungua boneti. Gia ilikuwa na kijiti chake cha kupimia mafuta, mbali na kile cha injini. Nikakichomoa, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Mafuta yalikuwa yamefika kwenye alama. Nikamwambia Mtemi kwamba mafuta yapo, ugonjwa uko kwingine, nami siujui.

Mtemi akaita washauri wake, wale ambao Kisukuma kinawaita banang'oma. Mkubwa wao alikuwa ndiye mwangalizi wa banda la gari, mtu mpole asiyependa aibu imguse Mtemi hata kidogo. Yeye alisema gari lina huzuni. Tangu lizaliwe limekuwa likisikia lugha moja tu, ya bwana wake, na sasa limeletwa mahali ambapo kuanzia asubuhi mpaka jioni linasikia Kisukuma na Kiswahili. Hata mtu angelegea. Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyekuwa na wazo bora, mimi nikiwamo. Ikaamuliwa aitwe mwalimu wa shule ya kati, akae mbele pamoja nami, aliongeleshe gari Kiingereza.

Mwalimu alikuja na tai. Alikuwa kijana makini, akauliza kwa adabu aseme nini hasa.

"Lisalimie kwanza," mshauri akamwambia. "Mengine yatakuja yenyewe."

Akalisalimia. Nikawasha, nikavuta mkono, na gari likaondoka kama jipya. Siku ile nilisadiki kabisa. Sikujua kwamba asubuhi, mafuta yakiwa baridi na mazito, gari lile lingekwenda hata kama angekaa mbele mtu bubu. Mwalimu aliendelea kuongea njia nzima. Alilieleza hali ya hewa, akalisomea jedwali la kuzidisha, akalifundisha wakati uliopita na wakati ujao. Kufika mchana sauti ilianza kumkauka, na gari nalo, limekwisha pata moto, likaanza kutambaa tena. Mshauri, aliyeketi nyuma na Mtemi, akainama mbele kumtazama kwa masikitiko. Alimwambia anarudia rudia maneno, na gari limemchoka.

Tukaenda hivyo wiki kadhaa. Mwalimu akawa anajiandaa jioni, anatafuta mambo mapya ya kuliambia. Mimi nilikuwa namwonea huruma, lakini pia nilikuwa namsikiliza, na Kiingereza kidogo nilichonacho mpaka leo nilikipata pale.

Wakati huo Mtemi alialikwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, akazungumze na vijana wa kwetu waliokwenda kufanya kazi huko. Nikamwambia nimesikia karakana ya machimbo ina fundi anayejua magari ya Kimarekani. Akasema vyema, tutamaliza yote kwa safari moja. Tukaondoka alfajiri: Mtemi na mshauri wake nyuma, mimi na mwalimu mbele. Tulipita Kagongwa na Kahama bila tatizo. Tulipoanza kuiona milima ya Geita, mwalimu hakuwa na sauti tena. Alikuwa anachezesha midomo tu.

Kwenye mlima wa kwanza gari likagoma. Injini ililia, magurudumu yakasimama, kisha tukaanza kurudi chini taratibu. Kule chini nikaweka mkono kwenye herufi ya kurudi nyuma ili nitoke barabarani, nipishe lori lililokuwa linakuja. Gari likaruka nyuma kwa nguvu ambazo sikuwa nimeziona kwa muda mrefu. Nikafikiri kidogo. Nikaligeuza, mgongo wake ukaelekea mlima, nikapanda kinyumenyume. Likapanda bila kusita.

Huko juu, penye tambarare, nikajaribu tena kwenda mbele. Likanguruma, halikusogea. Nikamweleza Mtemi kwamba tunaweza kufika Geita, ila kwa namna hiyo tu.

Mshauri alikataa. Mtemi hawezi kuingia mji wa watu kwa kuwapa mgongo, alisema, wataona amewadharau, au amekimbia mahali. Mtemi alitazama barabara. Halafu akavua viatu.

"Basi nitageuka mimi," akasema.

Akapiga magoti juu ya kiti cha nyuma, akashika mgongo wa kiti, uso wake ukaelekea kioo cha nyuma. Mshauri naye ikabidi ageuke. Mimi nilikuwa nimepinda shingo kutazama nyuma, lakini kichwa cha Mtemi kilijaa kiooni, hivyo ikawa yeye ndiye anayeniongoza. Alisema kwa sauti yake ya chini, kushoto, kulia, ngoja mbuzi wapite, nami nikazungusha usukani. Aliyebaki anatazama mbele ya gari ni mwalimu peke yake, akiangalia kule tulikotoka.

Tuliingia Geita hivyo wakati wachimbaji wanatoka zamu. Wasukuma waliokuwamo walivua kofia zao ngumu wakapiga makofi. Waliotoka mikoa mingine waliwatazama, wakaona labda ndivyo watemi wa huku wanavyosafiri, nao wakapiga. Mbele ya ofisi wakubwa wa machimbo walikuwa wamejipanga. Niliposimama, mkubwa wao alizunguka gari mpaka mbele, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akamdhania mwalimu mwenye tai kuwa ndiye Mtemi, akamfungulia mlango, akamshika mkono na kumkaribisha kwa hotuba. Mwalimu hakuwa na sauti ya kumweleza ukweli. Alikubali kwa kichwa. Mtemi alisubiri kwa magoti mpaka hotuba ikaisha.

Kesho yake, mazungumzo ya Mtemi na vijana yalipomalizika, tulipeleka gari karakana, tukilirudisha nyuma vilevile. Fundi alikuwa Mgoa wa makamo ambaye masikio yake yaliharibiwa na mitambo ya kusaga mawe. Ukitaka akusikie upige kelele. Nikampigia kelele kumweleza ugonjwa, naye akanijibu kwa kelele, akiniuliza nimepimaje mafuta.

Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akakichomoa kijiti ikiwa inaunguruma. Kilikuwa kikavu karibu chote. Akanieleza kwamba gia za namna hii hupimwa hivyo. Injini ikiwa imezimwa, mafuta hushuka kutoka juu yakajaa kwenye sampu, lile bakuli la chini, na kijiti kinakudanganya. Ikiwaka, pampu inayavuta yote, ndipo unaona yaliyopo. Na mafuta yakipungua, pampu inavuta hewa, ile mikanda na sahani za ndani zinakosa nguvu ya kushikana, injini inazunguka bure.

Nikamuuliza kwa kelele mbona nyuma linakwenda. Akasema gia ya nyuma ina mkanda wake, nao hubanwa kwa nguvu zaidi. Tena mlimani, ukipanda kwa pua, mafuta machache yaliyobaki yanakimbilia nyuma ya sampu na mdomo wa pampu unabaki mkavu. Ukipanda kwa mgongo, yanarudi mdomoni.

Kisha akaingia chini ya gari, akatoka na kidole chekundu. Mafuta ya gia zile ni mekundu. Akauliza kama hatukuona matone hapo gari linapolala. Mimi sikuwa nimeona kitu, sakafu ya banda sikuzote ilikuwa safi.

Mshauri alisogea karibu nami, akasema polepole, "Lilikuwa linatoka damu. Kila asubuhi nilikuwa nafunika kwa majivu, kisha nafagia."

"Anasema nini?" fundi akauliza.

Mshauri hakutaka kurudia. Mtemi, ambaye maisha yake yote watu walinyamaza ili wamsikie, akavuta pumzi akapiga kelele mpaka mafundi wengine wakaacha kazi: "Anasema gari lilitoka damu, akanifichia!"

Fundi akasema ni kweli, masikio yake yaliwahi kutoka damu, maana alidhani Mtemi anazungumza habari zake yeye. Hatukumrekebisha.

Kazi yenyewe alinionyesha hatua kwa hatua. Aliyamwaga mafuta, akaninusisha. Yalikuwa yameanza kunuka kuungua. Akafungua sampu, akaosha chujio lililojaa uchafu, akakata gasketi mpya, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, badala ya ile iliyopasuka jiwe lilipogonga sampu, akakaza mkanda wa ndani kwa skrubu iliyo nje. Kisha akamimina mafuta mapya ya aina ileile, injini ikiwaka, kidogo kidogo, akipima. Alisema tungeendelea mwezi mwingine sahani zingeungua, na hapo kukaza na kumimina kusingesaidia, ingebidi gia yote ifunguliwe.

Tulirudi nyumbani kwa pua. Mtemi alilala. Mwalimu, sauti imemrudia kidogo, alikuwa akitazama dirishani, na sikuthubutu kumuuliza anafikiria nini. Karibu na Kagongwa tairi la nyuma likatoboka. Sote tukashuka kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Mshauri akaleta jeki, mwalimu akavua tai akashika spana, Mtemi mwenyewe akakaa juu ya tairi la akiba akituelekeza, na kila mtu alijua la kufanya.