Ludovika na Roboti Aliyoipa Heshima

Saa tatu asubuhi, katika kliniki moja ya mazoezi ya viungo mjini Songea, Ludovika Komba (57) amekaa wima mbele ya roboti. Kitenge chake cha maua ya njano kimemfunika mabega yote mawili, maana baridi ya Juni haina adabu. Mkono wa kulia umeshika mpini. Roboti inapima unavyonyooka.

Ludovika ni mchambuzi wa tumbaku kutoka Namtumbo, hupanga majani kwa ubora. Kwa miaka ishirini na sita vidole vyake vimelijua daraja la jani kabla macho hayajafika. Miezi saba iliyopita kiharusi kiliulegeza mkono wa kulia, akahamia kwa bintiye Violet, mtaa wa Mfaranyaki hapa Songea. Kikundi chake cha uchambuzi kitamsubiri hadi Julai. Asiporudi, kiti chake atapewa mwingine.

Kwa wiki tatu namba zimepanda: arobaini, hamsini na tano, sabini na moja kwa mia.

Leo kitenge kinateleza.

Osmund, mtaalamu wa viungo, anaduwaa. Kumbe mkono wa kushoto umekishika kiwiko cha kulia kwa chini, unakisukuma taratibu.

“Mama, tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza, baba. Nitoe mkono bila kushika kiwiko kwa heshima? Sikulelewa hivyo.”

“Mama we! Huyo si mkweo, ni mashine!” Violet, aliyemsindikiza, anamaka.

Mkono wa kushoto unawekwa pajani. Roboti inapima upya.

Kumi na tisa.

Ludovika anaitazama namba ile kama mtu aliyefungua ghala akakuta magunia matupu. “Kumi na tisa? Na nimeshawapigia ndugu hadi Madaba kwamba nimepona!”

Osmund anainamisha kichwa. “Kosa langu, mama. Nilisoma namba, sikuangalia kitenge.”

Kisha anafungua kipimo cha vidole. Hicho hufanywa kiwiko kikiwa kimelala mezani, mkono wa kushoto hauna la kusaidia. Wiki ya kwanza, nguvu ya kubana ilikuwa nane kwa mia. Leo ni hamsini na mbili. Anarudia. Hamsini na mbili ileile.

“Bega ndilo bado, mama. Vidole vinarudi.”

Ludovika anasugua kidole gumba na cha shahada, polepole, kana kwamba kuna jani katikati. “Tumbaku haichambuliwi kwa bega,” anasema.

Anaomba simu, anampigia mdogo wake, seremala.

“Dastan, nitengenezee meza ya kuchambulia kabla ya Julai. Ipime kwa kiwiko changu, siyo kwa kitambi chako.”