Debe la Mwadime

Enzi zetu pale Marungu (msicheke, hata mimi najua enzi zetu ni juzi tu), shule tulienda kwa mguu, watoto wote pamoja, na mbele mmoja anapiga debe ndovu zihame njia. Vumbi jekundu, jua bado lina usingizi, na ile ko! ko! ko! inaelea juu ya makonge kama ndoto.

Mwadime, wa darasa la saba, hakunyang'anya mtu debe. Tulimpa wenyewe, kwa uvivu. Lilikuwa linachosha mkono.

Mwanzo alikuwa mtu poa. Halafu akasema tusiongee, ndovu zitasikia. Tukanyamaza. Akasema mpiga debe anahitaji nguvu, kila mtu amkatie kimanga chake. Tukakata, mihogo na maharage ya mama zetu yakaishia kwa mashavu yake. Kucheka nako kukapigwa marufuku. Tukawa kama matanga yanayotembea. Ukiguna tu, anageuka: "Wewe, unataka kukanyagwa?"

Ni Wakesho, jirani yetu, kadogo hivi, aliyeuliza. "Mwadime, hiyo ndovu yenyewe uliiona lini?"

"Haionekani kwa sababu yangu!" Kisha akatuambia, "Kesho huyu atatembea peke yake. Atakayemfuata asinirudie."

Tukaangalia viatu. Wenye hawakuwa na viatu wakaangalia vidole.

Asubuhi Wakesho alikuwa amesimama ng'ambo ya njia. Sisi tumejipanga nyuma ya Mwadime. Akatoa kwa begi mfuniko wa sufuria ya nyanya yake, na mwiko. Ting! Ting! Akaanza kwenda, tena anaimba. Dada yangu akashikwa na kicheko, akavuka. Nikavuka. Tulipofika kwa makonge, Mwadime alikuwa huko nyuma anapigia mbuzi debe.

Tulitaka Wakesho apige mfuniko mpaka shule ifungwe. Akamsukumia aliyekuwa karibu naye. "Aka, mkono unauma. Kesho ni wewe."

Siku hizi watoto wanabebwa na boda, macho kwa simu. Ndovu ikipita wanaipiga picha. Na uchaguzi ukikaribia anakuja bwana mmoja juu ya gari na kipaza sauti, anasema bila yeye tutakanyagwa, na sisi watu wazima tunamkatia kimanga. Mimi nasimama nyuma, vumbi jekundu linapanda polepole, natega sikio. Ule mfuniko bado siusikii.