Frigo Iliyovikwa Vitambaa

Ninaikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, frigo ya mama mkwe wangu ilipogoma kutoa barafu, hapa hapa Kalemie, nikiwa bibi harusi ambaye hata njia ya sokoni sijaizoea. Ilikuwa frigo kubwa iliyovushwa kutoka Kigoma, na ndani yake kulikuwa na kile kimashine kinachovuta maji ya bomba, kinayagandisha, kisha kinaangusha vipande sandukuni chenyewe. Wewe leo unaona ni kitu cha kawaida. Wakati ule majirani walikuwa wanakuja kusikiliza tu vipande vikianguka.

Sasa, baba mkwe alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dada yake mkubwa alikuwa mahututi kule Moba, amemwita, na boti lilikuwa linaondoka kesho yake jioni. Muuguzi alikuwa amemkataza kabisa kusafirisha insulini yake ziwani bila barafu. Barafu ya kununua haikuwepo. Samaki walikuwa wengi, na wauza samaki wa mikebuka walikuwa wamekomba yote ya mji.

Mume wangu, ambaye damu humchemka upesi (mpaka leo, muulize), alikwenda moja kwa moja kuchukua turnevis, yaani bisibisi. "Motere imekufa," anasema, "naifungua." Amejuaje? Hajui.

Baba mkwe akamkemea kutoka kitini pake. "Ee, wacha! Weye ukiumwa tumbo, munganga anaanza na kisu? Anzia inje!"

Tukaanzia nje. Umeme upo, taa ya ndani inawaka. Mlango unafunga vizuri. Ule mkono wa waya unaosimamisha kazi sanduku likijaa, uko chini, inavyotakiwa. Maji yanafika pia, yamejaa kwenye vijumba vyake, lakini hayajaganda. Basi kimashine kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni baridi, na kimashine hakiangushi kitu mpaka maji yagande sawasawa. Nikapitisha kiganja ubavuni mwa frigo. Mama yangu! Moto kama sufuria ya bukari, ugali wetu.

Na isiwe moto kwa nini? Unatujua sisi. Frigo inakaa sebuleni, mbele ya wageni, na inavalishwa. Mama mkwe alikuwa ameivika vitambaa vya kufuma juu, ubavuni, mpaka mgongoni, kisha akaisukuma ikagusana na ukuta. Joto litokee wapi?

Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Mkwe mpya, umwambie mama mkwe kwamba urembo wake ndio unaua frigo? Lakini nilimtazama yule mzee, begi lake limeshafungwa, nikasema.

Mama mkwe aliruka. "Unataka kuvua frigo yangu nguo, wageni waone mugongo yake?"

"Mama Feza," baba mkwe akamwambia polepole, "miye nataka kuona dada yangu. Mambo ya wageni tutayaangalia kisha."

Mama mkwe akainuka. Alivivua vitambaa mwenyewe, kimoja kimoja, akivikunja huku machozi yanamtoka. Sisi tukachomoa waya wa umeme (hilo usilisahau kamwe!), tukavuta frigo mbele, tukapangusa vumbi lililoshonana mgongoni. Tukaichomeka tena na kukataza mtu yeyote kugusa mlango.

Kesho yake, tuko mezani, tukasikia kwa-kwa-kwa! Vipande vinaanguka. Aliyepiga kigelegele wa kwanza alikuwa mama mkwe.

Baba mkwe akasafiri. Alimkuta dada yake bado anaongea. Walikumbushana mambo yao ya utoto, wakacheka, na saa yake ilipofika akamfumba macho kwa mkono wake mwenyewe. Aliporudi alisema moyo wake umetulia.

Basi nakuambia wazi. Kitu kikigoma nyumbani kwako, awe muntu, iwe mashine, usikimbilie kukipasua. Zunguka kwanza, gusa, angalia kimewekwaje na kinabanwa na nini. Na ukiona ubaya unatoka kwenye kitu anachokipenda mkubwa wako, mwambie kwa heshima, lakini mwambie, tena mapema, wakati kusema bado kunasaidia. Mungu akupe mikono isiyo na papara na kinywa kisichoogopa. Na kila utakayemfuata mbali, umkute bado ana pumzi ya kukuita jina.