Siku Nusu Pea Alipovaa Mguu

Chekeni ninyi, jamani, mimi mwenzenu nimeshindwa, maana mtu kuvuliwa nguo mbele za watu ni aibu, lakini kujivua mwenyewe, kipaza sauti mkononi, mpiga video wa harusi anakuchukua, hiyo sijui niiiteje.

Mnanijua, ndiye mimi Nusu Pea, mchekeshaji wa hapa hapa Masasi, mguu wa kulia nilikatwa nikiwa mdogo na ugali wangu wote unatoka kwenye huo mguu usiokuwepo. Napanda jukwaani na gongo langu, watu wananiona, wanaona haya kidogo, halafu nawaambia: "Ustadhi kanifundisha msikitini tunatanguliza mguu wa kulia, nikamuuliza, ustadhi, sasa mimi nitaingia lini?" Basi, watu hoi.

Nikaitwa Newala kuchekesha kwenye harusi ya binti anaitwa Somoe, na mjomba wake Somoe ndiye anayeandaa maonyesho ya vichekesho Dar es Salaam, akanipigia mwenyewe: "Wachekeshe hao nikuone, ukiweza tunaondoka wote." Simu hiyo niliingoja tangu naanza kazi hii, maana mikorosho ya nyumbani imezeeka na kupanda juu yake siwezi, kama si kuchekesha mimi sina kitu kingine.

Ile natoka, mama akanishika mkono. "Vaa ule mguu, baba. Wakuone mzima." (Ule wa bandia, nilikuwa nimetengenezewa karibuni, unabana, unanichechemesha kama bata.) Nikamwangalia mama, nikashindwa kukataa, nikauvaa, na suruali mpya ya kubana, na viatu viwili (viwili!), gongo nikaliacha nyuma ya mlango. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu.

Nikapanda jukwaani nachechemea, nikaanza, "Mimi kiwete wenu kutoka Masasi," kimya. Nikawapa ile ya viatu, kwamba nyumbani nina viatu vya kulia vipya kabisa havijawahi kukanyaga chini, kimya. Nikawapa ya ustadhi, mama mmoja wa mbele akanisonya, mwingine akapaza sauti, "Kijana, huna adabu wewe!"

Hapo nikafurahi, mjinga mimi! Mimi Mmakua, wale Wamakonde, sisi ni watani, na mtani akikutukana humwombi radhi, unamwongezea, nikajua kumbe utani ndio umeanza. Nikajibu, "Wamakonde mnanuna nini, kwani kwenu hakuna viwete?" nikazidisha na kuchechemea, huku na huku, mkono kiunoni.

Ukumbi mzima ukageuka kuangalia meza ya mbele. Pale alikaa Baba Somoe, baba mzazi wa bibi harusi, magongo yameegemea kiti, kanzu imelala bapa upande wa kulia, mguu ulikatwa kwa sababu ya kisukari. Mimi sikuwa nimemwona. Na wao mimi walikuwa wananiona mzima, nimetoka Masasi na miguu yangu miwili kuja kumwigiza mzee wao siku ya harusi ya mwanawe.

"Mshusheni huyo!"

"Jamani, mimi kiwete kweli!"

"Mungu anakusikia!" akasema yule mama aliyesonya.

Nikavuta suruali ipande, haipandi, inabana, nikafungua mkanda. Mashehe wapo, wakwe wapo, suruali hiyo chini, bukta yenyewe ina tundu, nikafungua mguu nikauinua juu na kiatu chake na soksi yake, "Huu hapa!" halafu nikaanguka puu, maana gongo liko Masasi.

Wallahi nilidhani watacheka. Kina mama wakaangua kilio. Yule aliyenisonya akavua kanga yake ya juu akanifunika, "Jisitiri, mwanangu, tusamehe," na ukumbi wote pole, pole, kama msibani. Mjomba akaja akainama. "Ndugu yangu, mimi natafuta wa kuchekesha," akasema. "Pole sana." Hata yeye!

Nikakaa nje, nyuma ya ukumbi, na kanga ya watu kiunoni, nalia, sifichi. Baba Somoe akanifuata na magongo yake.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba." Akajiegemeza kwenye magongo. "Ile ya ustadhi ilinichekesha. Hata mimi kila Ijumaa nikifika msikitini najiuliza hivyo hivyo."

"Sasa mbona hukucheka, baba?"

"Ningechekaje? Wote walikuwa wananionea huruma."

Video imezunguka mpaka Tandahimba. Siku hizi nikipanda jukwaani na gongo langu, kabla sijafungua mdomo watu wananipa pole, na mtu aliyeshakupa pole humchekeshi tena, nimejaribu, nimechoka. Mguu nimeufunga kwenye ile kanga, uko uvunguni, sitauvaa tena ili watu wanione mzima.

Mama hana simu ya tachi. Siku ile niliporudi alinipokea mlangoni, akauliza, "Wamekuonaje?"

"Mzima, mama," nikamwambia. "Wameniona mzima kabisa."