Uso wa Melitina

Filero alikuwa na mkono, tusidanganyane. Pale kwenye kiwanda cha sarafu cha Roma, kila mke wa Kaisari aliyetakiwa kuonekana kwenye dinari ya fedha alipita kwenye patasi yake kwanza. Ikulu ilileta sanamu ndogo ya nta, naye akaichonga kinyumenyume kwenye muhuri wa chuma, ili nyundo ikigonga fedha, bibi mkubwa atoke amekaa sawa: pua ndefu, shingo ya kujidai, nywele zimesukwa tabaka kwa tabaka. Mihuri ilichakaa upesi. Akachonga mingine, uso uleule, miaka nenda rudi.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, Melitina, na huyo alikuwa na mdomo! Alijisuka kama wale wa kwenye sarafu, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, huyu mwanamke wako wa fedha anakupikia? Anakufulia? Mbona yeye kila siku, mimi hata siku moja?"

"Yeye nalipwa kumchonga. Wewe nakuona bure."

"Nichonge basi, hata kwenye kigae."

"Nitakuchonga. Haraka ya nini, unakwenda wapi?"

"Muache babako," mama yake, Talusa, alidakia huku akicheka. "Huyo kaoa ikulu."

Homa ya Agosti ikamchukua Melitina. Alianza kwa kulalamikia kichwa, na hata wiki haikuisha. Jamani, mtoto anaondoka hivyo, na jirani anaendelea kukaanga samaki! Watu wa hali ya Filero hawakuwa na desturi ya kuweka ukumbini nyuso za nta za wafu wao. Hizo zilikuwa za wakubwa. Talusa aliomba kitu kimoja tu.

"Nipe uso wake, mume wangu. Siku za wafu zikifika Februari, nimkute pale kaburini nimtazame."

Filero naye hakutaka kingine duniani. Alipata jiwe jeupe, akawa anajifungia nalo kila akitoka kazini. Patasi ilikwenda yenyewe, hata akapata moyo: kumbe namkumbuka! Alichonga huku analia. Alipomaliza, akamwita mkewe aje aone.

Talusa alisogea karibu, kisha akarudi nyuma.

"Nani huyu?"

"Talusa, si mtoto wetu huyu?"

"Huyu ni mke wa Kaisari! Filero, mwanangu alikuwa na pua bapa kama yangu. Shingo fupi. Wewe umeniletea sarafu."

Filero akatazama, akaona ni kweli. Mkono ulikuwa umefuata njia uliyoizoea. Alifumba macho amtafute binti yake, akamkuta yule wa fedha, katulia, anatazama pembeni. Kicheko cha Melitina alikisikia vizuri kabisa. Uso hakuuona.

"Nielekeze," alimsihi mkewe, akawa anampapasa pua na mashavu kama kipofu. Alijaribu tena, akatoka yuleyule. Uchungu ukamzidi, akaukwangua uso wote, akaacha jina tu.

Na hapo ndipo alipoharibu zaidi, maskini wa Mungu. Roma nzima inaujua uso uliokwanguliwa: ni wa mwanamke wa ikulu aliyelaaniwa na baraza kwa usaliti au uzinzi, akafutwa hata kwenye mawe.

Februari ilipofika, walikaa kaburini, kando ya barabara, na maua yao ya urujuani na mkate uliolowekwa kwenye divai. Akapita mama mmoja na kapu la vitunguu. Alisimama akaliangalia jiwe.

"Eh! Alikosa nini huyu, mpaka wakamkwangua hivi?"

Filero akashika kuyapanga maua upya.

"Hakukosa kitu, dada," Talusa alijibu. "Baba yake alimsahau sura."