Kilicho Chini ya Jiwe la Borafya

Mtaani kwetu Ng'ambo hapajengwi nyumba bila Borafya kuulizwa. Kachimba misingi miaka arubaini, na kanuni yake ni moja: anachimba mpaka mtaimbo ulie. Ukilia, amefika kwenye jiwe. Hufuta jasho, akasema, "Hapa jenga hata ghorofa." Mimi nilimwamini, nikajenga ghorofa.

Bintiye, Nusrat, naye alitaka kupandisha yake. Watoto wamekua, vyumba ni viwili tu, na matofali yalishafika uani.

Wakati huo Borafya alikuwa kibarua Mji Mkongwe. Mhandisi Ummkulthum alikuwa akipima ardhi ya jumba moja kuukuu, na kazi ya Borafya ilikuwa kupiga bamba la chuma kwa nyundo, huku vihisio vilivyopangwa mstari vikisikiliza mtikisiko unavyopita. Mtu mwingine angepiga nyundo yake akaenda kunywa kahawa. Borafya hakubanduka kwenye skrini.

"Mwanangu, mashine inaonaje chini na haijachimba?"

"Haioni, mzee wangu, inakadiria. Mtikisiko hukimbia kwenye kigumu, hujikokota kwenye laini. Mawimbi mafupi hupita juu juu, marefu hufika chini. Tukijua kasi ya kila moja, tunakisia udongo ulivyo kila kina."

"Basi njoo kwa mwanangu ulipime jiwe langu. Utashangaa."

Maringo hayo! Ijumaa baada ya sala wakapima uani kwa Nusrat. Juu, kasi ilikuwa mita mia sita kwa sekunde. Borafya akatabasamu. Kuanzia mita ya tatu ikashuka hadi mia na sabini.

"Imekosea. Chini ya jiwe ni jiwe." Akapiga tena, na tena. Jibu lilikuwa lile lile.

Kesho yake akaanza kulitoboa jiwe mwenyewe. Siku ya tatu mtaimbo ulizama ghafla, nusura umponyoke. Ulipotoka, ncha ilikuwa na tope jeupe, laini kama uji. Nilimwonea huruma, lakini yeye alilisugua tope vidoleni, akalinusa, macho yamemtoka.

"Miaka arubaini nnaishia mlangoni," alisema. "Ndani sijaingia hata siku moja." Kisha akamgeukia bintiye. "Nusrat, ghorofa hapana."

Nusrat alilia, lakini hakubisha.

Jumanne asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa Borafya, na nyuma yake Ummkulthum kabeba nyaya.

"Msingi wako nliuchimba mimi," alisema. "Naomba nipite uani."

Ghorofani wanangu walikuwa wakikimbizana. Nikawafungulia wageni mlango.