Bidoni Chini ya Kitanda Yangu

Papa anauzisha esansi, mafuta ya motokari, kando ya barabara, mu mabidoni ya njano na machupa ya zamani ya bia. Watu wa kazi yake tunawaita kadafi. Depo yake ilikuwa chamburi yangu ya kulala: mimi juu ya kitanda, esansi chini. Ku masomo nilitangaza kwamba mimi ni stasio ya esansi, mutu asiwashe kiberiti karibu yangu. Klasi yote ilicheka. Kisha, kidogo kidogo, banki yangu ya kukalia ikabakia na mutu mumoja, ni mimi.

Makadafi wote wa kwetu wako na dawa moja. Asubuhi papa alikuwa anavuta esansi na kinywa mu mupira murefu, toka mu fiti kubwa ya chuma mupaka mu bidoni. Ikimuingia mu koo anatema, anakohoa, na maman anamuletea kopo ya maziwa. Eti maziwa inafukuza sumu. Mimi nilisimama ku mulango nikilia sawa mutoto wa ng'ombe. Papa alinitupia kiatu, huku anacheka.

Mwaka huu kiatu ilianza kuanguka karibu na miguu yake, haikunifikia tena. Kupanda kilima ya kwetu, papa alikaa chini njiani. Kizunguzungu, kichwa kuuma, damu ku pua. Maman alisema ni malaria, jirani akasema ni wivu ya watu. Ku hospitali walipima damu, wakakuta imepunguka sana.

Dokta alikuwa mwanamuke wa sauti ya pole. Alimuuliza papa anafanya kazi gani. Papa akamuambia, tena kwa kujivuna, kwamba yeye anajichunga: kila siku anakunywa maziwa.

"Papa, maziwa inaenda mu tumbo," dokta akasema. "Hewa ya esansi inapita mu mapafu, inaingia mu damu, inafika mupaka ndani ya mifupa, pale damu inatengenezwa."

Nilitafuta kitu ya kuchekesha. Sikuipata.

Dokta hakuapa kwamba ni esansi peke yake. Alisema damu inaweza kupanda tena, lakini papa aachane na ile kazi, na asirudi mu nyumba kama ingali inanuka. Mimi pia walinipima. Damu yangu iko muzima. Maman alisema ni kichwa tu ndiyo iko na matatizo.

Papa na maman walienda Walungu, kwa mama yake papa. Mimi nikabakia sababu ya egzame ku masomo. Tonton mumoja, ndugu ya papa na kadafi pia, alikuja kubeba mabidoni. Nilifungua madirisha, nikasugua sima ya chini ya nyumba na sabuni. Nilikula bugali peke yangu, nikatolea sufuria mizaha yangu yote, na sufuria haikucheka.

Harufu ilikuwa inatoka, na papa pia alikuwa anatoka nayo. Ile ndiyo ilikuwa harufu ya shati yake, ya mikono yake. Ndiyo maana nilificha bidoni moja ndogo, esansi kidogo chini kabisa. Nikitoka masomo nafungua kifuniko, navuta mara moja, na papa anakuwa pale ku mulango, anatafuta kiatu. Kisha kichwa inaniuma. Sababu niliijua.

Siku ya Mungu moja, kisha kanisa, papa akapiga simu. Alikuwa amepanda mupaka ku kanisa bila kukaa chini. Walimupima tena, na dokta amekubali arudi.

"Nyumba ingali inanuka?" akauliza.

Niliangalia chini ya kitanda.

"Inanuka miguu yangu tu, papa."

Alicheka muda murefu, na hakukohoa.

Pale pale nilibeba bidoni kwa yule tonton, nikaikamata na mikono mbili sawa mutoto. Alikuwa anavuta mupira na kinywa, na kopo ya maziwa iko kando yake. Nikamuelezea yote dokta alisema: mapafu, damu, mifupa.

"Wewe unapenda sana kuchekesha watu," akasema, akanywa maziwa yake.

Nikarudi. Nyumba ilikuwa inanuka sabuni, haikunuka mutu hata mumoja. Niliacha madirisha wazi. Kisha nikatafuta kiatu ya zamani ya papa, nikaiweka karibu na kiti yake, pale mukono yake inaweza kufika.